Ofisi iliyokuwa ikila barua zake

"Fundi, mtandao wetu unakula barua."

Mzee mwenye ofisi alinipigia Februari 2024 na kuniambia hivyo, nami nikacheka kimoyomoyo. Nilidhani ni maneno ya mtu asiyezijua kompyuta. Wiki mbili baadaye ilibidi nikubali kwamba kati ya wote tuliolizungumzia tatizo lile, yeye ndiye aliyelitaja kwa jina lake.

Ofisi yake ni ya uwakala wa forodha, Dar es Salaam, ghorofa ya pili, mwendo mfupi kutoka bandarini. Ina watu 9 na kompyuta 8. Kazi yao ni karatasi: hati ya shehena, invoisi, orodha ya mzigo, vibali. Siku hizi karatasi hizo zinakuja kwa barua pepe, na zikichelewa kuonekana kuna mtu atalipa. Kontena lina siku zake za bure. Zikiisha, bandari inaanza kudai tozo ya kuhifadhi na wenye meli wanaanza kudai demareji, yaani tozo ya kuchelewesha kontena lao. Safari hii taarifa ya meli kuwasili ilitumwa Ijumaa jioni, na ofisi nzima hakuna aliyeiona. Waliijua Alhamisi iliyofuata, mteja mwenyewe alipopiga simu kuuliza mzigo wake umefikia wapi. Wakala wa meli akaonyesha kwamba alituma, na barua haikumrudia.

Mzee alikwishapata dawa kutoka kwa jirani yake wa ghorofa ya chini: anunue seva, yaani kompyuta ya kuzihudumia nyingine, barua zote zikae humo humo ofisini, kila mtu apate intaneti, na yeye aweze kuona nani anafungua nini. Alikuwa hata na bei. Nikamwomba siku mbili za kuangalia kwanza, asinilipe hata senti.

Siku ya kwanza sikugusa waya. Nilikaa kwenye benchi la wateja, nikatazama. Kila asubuhi dada wa mapokezi alizunguka meza kwa meza akiuliza, "Nani kapata barua ya yule wa Guangzhou?" Hiyo ndiyo ilikuwa njia yao ya kutafuta. Karatasi iliyoskaniwa kwa mhasibu ilitumwa kwenye kundi la WhatsApp, ikapakuliwa na kijana anayeingiza matamko kwenye mfumo wa forodha, akaichapa, akaigonga muhuri, akaiskani tena. Meza zao ziko mita tatu tu. Karatasi ilikuwa ikisafiri hadi ng'ambo na kurudi ili ivuke meza mbili, tena kwa kutumia intaneti ile ile waliyokuwa wakilalamika kwamba ni nzito.

Siku ya pili nikafuata nyaya.

Ruta ya kampuni ya intaneti ilikuwa ukutani, inagawa anwani, yaani namba za kuitambulisha kila kompyuta kwenye mtandao, zinazoanza na 192.168.1. Chini ya meza ya kijana wa matamko nikakuta ruta ya pili, ndogo, nyeupe. Aliileta kutoka nyumbani ili Wi-Fi ifike upande wake. Alichomeka waya kwenye tundu la kawaida la ruta ile, siyo tundu la intaneti, kwa hiyo nayo ikaanza kugawa anwani ofisi nzima, zake za 192.168.0. Kompyuta inapowashwa huuliza kwenye mtandao, "Nani ananipa anwani?" na humkubali anayewahi kujibu. Basi kila asubuhi ofisi iligawanyika makundi mawili kwa bahati nasibu. Waliopewa anwani na ruta ya ukutani waliiona printa. Waliopewa na ile nyeupe waliambiwa printa haipo, na intaneti nayo hawakuipata. Kesho yake makundi yalibadilika. Kwa sababu hiyo walishanunua printa nyingine, ambayo nayo "ilikufa" ndani ya siku nne. Niliingia kwenye ruta nyeupe, nikazima ugawaji wa anwani, nikaiacha iwe ya kurusha Wi-Fi tu. Dakika tano. Printa mbili zikafufuka pamoja.

Kwenye nyaya kulikuwa na jambo jingine. Waya wa mtandao una nyuzi nane, na kasi ya gigabiti inazitaka zote nane. Fundi aliyepita alibana nne tu kwenye kila plagi. Zile nne nyingine alizikata, labda kwa haraka, labda kwa kuamini hazina kazi. Kwa nyuzi nne kompyuta inashuka hadi megabiti 100 bila kulalamika, na kwa intaneti ya megabiti 20 usingejua. Ungejua siku unayofungua jalada lenye kurasa 200 zilizoskaniwa kutoka kompyuta nyingine. Nilikata vichwa vyote, nikabana upya: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, bluu, bluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Vidole viliniuma hadi jioni.

Hayo yote, hata hivyo, hayakueleza barua ya Ijumaa.

Barua pepe ina njia mbili kuu za kufika kwenye kompyuta, na hapa ndipo kisa kizima kilipokuwa kimelala. Njia ya zamani ni POP. Ilitengenezwa zama za mtu mmoja, kompyuta moja na laini ya simu: unaunganisha, unazoa barua zote, seva inazifuta, unakata laini. Ni kama S.L.P. pale posta, ukishafungua mlango ukachukua bahasha, anayekuja nyuma yako anakuta sanduku tupu. Njia ya pili ni IMAP. Hapo barua zinabaki kwenye seva na kompyuta zinazitazama tu, ikisomwa hapa na kule inaonekana imesomwa.

Ofisi ilikuwa na anwani moja ya barua, neno la siri moja lililobandikwa kwa selotepu chini ya skrini ya mapokezi, na kompyuta tatu zikiifungua kwa POP: mapokezi, matamko na mhasibu. S.L.P. moja, funguo tatu. Kila baada ya dakika chache mmoja wao alichungulia, na aliyewahi alibeba. Barua ya mteja ilimwangukia mhasibu, invoisi ikamwangukia dada wa mapokezi. Ndiyo maana ya ule mzunguko wa kila asubuhi.

Programu za barua zina kisanduku cha kutiki kinachosema acha nakala kwenye seva. Kwao hakikuwa kimetikiwa, na nilipouliza nikaambiwa ni fundi aliyepita tena. Sikumlaumu kwa hili. Nafasi yao kwenye seva ilikuwa gigabaiti 1, ikijaa kwa hati zilizoskaniwa, na ikijaa barua mpya zinarudishwa. Kwa ofisi yenye kompyuta moja, aliloamua lilikuwa sawa kabisa. Kompyuta ya pili na ya tatu ziliongezwa baadaye na mtu mwingine, na hakuna aliyekumbuka kurudi kwenye kile kisanduku.

Lakini barua ya Ijumaa haikuwamo kwenye kompyuta yoyote kati ya hizo tatu. Nilitafuta hadi kwenye taka. Nikawaomba wenye seva kumbukumbu za kuingia za wiki ile. Zikaja mamia ya mistari inayofanana, na kwenye ile ya Ijumaa nikasimama. Saa 20:52, mtu ameingia kwa POP, na mwisho wa mstari kumeandikwa retr=7, del=7. Amechukua barua saba, amefuta saba. Anwani aliyoingilia haikuwa ya ofisi, ilikuwa ya kampuni nyingine ya simu.

"Saa tatu kasoro usiku," nilimwambia mzee. "Nani alikuwa ofisini?"

"Mlinzi tu. Na hana ufunguo wa ndani."

Alipauka kidogo. Mimi pia nilikuwa nawaza wizi, kwa sababu biashara hii ina watu wanaovizia barua za malipo ili wabadilishe namba ya akaunti. Nikarudi kwenye mistari. Mgeni yule huja usiku, karibu kila siku, na Jumamosi huja mchana. Hajatuma hata barua moja. Mwizi gani anachukua tu na hafanyi lolote?

"Mzee, samahani, nyumbani kuna kompyuta?"

Ipo. Laptopu ya zamani ya ofisi, aliyompa mjukuu wake kwa masomo, na masomo yenyewe yalikuwa zaidi mchezo wa mpira. Programu ya barua ilikuwa imepangwa kujiwasha kompyuta inapowaka, na haikuwahi kuondolewa. Mtoto akirudi shule, akala, akaoga, akawasha mchezo wake; nyuma ya mchezo, kimya kimya, laptopu inazoa S.L.P. ya ofisi. Kesho yake mzee aliileta kwenye mfuko wa plastiki. Tukakuta barua 312 zisizosomwa, za miezi mitano, na taarifa ya meli ikiwamo. Mzee aliziteremsha kwa kidole polepole, akasoma majina ya wateja mmoja mmoja. Mwisho akasema, "Kumbe mlaji ni mimi."

Sasa tungeweza kuzungumzia mtandao wa kujenga, tukijua tunajenga nini.

Uamuzi wangu ulikuwa kinyume cha jirani wa chini: majalada yakae ndani, barua zikae nje. Watu wengi hufanya kinyume chake, kwa sababu barua ndiyo inayoonekana kuwa siri, basi wanataka kuilalia. Ila seva ya barua kwenye laini ya kawaida ya ofisi ni kujitafutia maradhi. Laini nyingi za ofisi ndogo hazina anwani ya kudumu, na mara nyingi wateja kadhaa wanashirikishwa anwani moja. Bandari ya 25 (siyo ya meli, ni namba ya mlango wa mtandao), ambayo seva hutumia kupelekeana barua, kampuni nyingi huifunga. Na hata ikiwa wazi, wapokeaji wakubwa hukataa barua kutoka anwani isiyo na jina linalolingana. Umeme ukikatika si tatizo kubwa kama watu wanavyodhani, kwa kuwa seva ya mtumaji kwa kawaida hujaribu tena na tena kwa siku kadhaa. Sifa ya anwani ndiyo inayoua, na sifa hainunuliwi Kariakoo.

Tukabaki na mwenyeji wa nje, yaani kampuni inayoiwekea ofisi seva ya barua, tukachukua kwake nafasi kubwa zaidi, tukahama kutoka POP kwenda IMAP. Kila mtu akapata sanduku lake lenye neno lake la siri. Sanduku la pamoja la ofisi likafunguliwa kwa watu wanne, kila mmoja akiingia kwa jina lake mwenyewe. Karatasi ya selotepu niliichana mbele ya watu, kwa makusudi.

Nilipendekeza barua ikishachukuliwa ihamishiwe kwenye folda ya jina la aliyeichukua. Dada wa mapokezi akanikatalia palepale. "Kaka, mtu akienda likizo, barua zake zinaenda likizo naye?" Folda zikawa za namba ya jalada. Utaratibu ni wake, na ni bora kuliko wangu: ikifika saa kumi jioni inboksi ya pamoja inatakiwa iwe tupu, na kama haiko tupu yeye ndiye anayepita kuuliza. Programu ya kugawa kazi niliyokuwa nimepanga kuwawekea sikuitaja tena.

Kulikuwa na kaugonjwa kengine. Wateja wenye Gmail walikuwa wakisema barua za ofisi zinaangukia kwenye spamu, na malalamiko yaliongezeka mwezi ule ule wa Februari 2024, Google na Yahoo walipoanza kukaza masharti kwa watumaji. Nikafungua rekodi za kikoa chao cha .co.tz, yaani jina lao la mtandaoni, nikakuta mistari miwili ya SPF. SPF ni tangazo la kikoa kwamba seva hizi ndizo ninazoziruhusu kutuma kwa jina langu, na kanuni inataka tangazo moja tu. Yakiwa mawili, mpokeaji anahesabu ni kosa, kana kwamba hukutangaza vizuri. Mmoja ulikuwa wa mwenyeji wa zamani, mwingine wa mpya. Kila aliyekuja aliongeza wake na hakuna aliyefuta wa mwenzake. Nikaacha mmoja, nikawasha DKIM, sahihi inayothibitisha kwamba barua imetoka kwao, nikaweka DMARC, agizo kwa wapokeaji kuhusu barua zisizothibitika, kwa kuanza na kutazama tu bila kuzuia. Malalamiko yakapungua.

Seva ya ndani haikununuliwa. Kompyuta ya mezani iliyokuwa stoo, RAM ya gigabaiti 8, ikasafishwa vumbi, ikawekewa diski mbili za terabaiti 1 zinazoandika kitu kile kile, mfumo endeshi wa Debian, na programu ya Samba ili kompyuta za Windows zione folda. Folda kuu inaitwa Majalada, chini yake mwaka, chini ya mwaka namba. Printa ikapewa anwani isiyobadilika, na sasa ukiskani, hati inatua moja kwa moja kwenye jalada. Juu ya seva hiyo hiyo nikaweka ukurasa mmoja wa wavuti wa ndani: namba za simu za mawakala wa meli, fomu za likizo, orodha ya viambatisho kwa kila aina ya mzigo. Nilitumia jina dogo chini ya kikoa chao wenyewe. Majina yanayoishia na .local niliyakwepa, kwa sababu printa na simu huyatumia kutafutana zenyewe na huleta mkanganyiko.

Mzee aliuliza, diski zikiwa mbili, nakala ya akiba ya nini tena? Nikafuta faili la majaribio mbele yake, nikamwonyesha kwamba limetoweka kwenye diski zote mbili kwa mkupuo. Tangu hapo nakala inaandikwa kila usiku kwenye diski ya nje, ziko mbili za kupokezana, na kila Ijumaa anabeba moja nyumbani. Nilimsihi asiichomeke kwenye laptopu ya mjukuu.

Kuhusu intaneti, mafundi wa rika langu tungekimbilia Squid, ile programu ya kuhifadhi kurasa ili anayekuja nyuma azikute ndani. Ilisaidia sana enzi za setilaiti. Leo karibu kila ukurasa unakuja umefungwa kwa HTTPS, yaani kwa maandishi ya siri, Squid haioni cha kuhifadhi. Uzito wa asubuhi ulitokana na kompyuta nane kupakua masasisho yale yale ya Windows, kila moja kivyake, na simu zikipandisha picha za wikendi. Nikawasha mpangilio wa Windows unaoziruhusu kompyuta kupeana masasisho humo ndani, nikaweka foleni ya haki kwenye ruta ili asitokee mmoja wa kumeza laini yote, na simu nikazitenga kwenye Wi-Fi yao.

Ombi la mzee la kuona nani anafungua nini tulilibishania kwa chai mbili. Nilimweleza kwamba kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na kwamba kuchungulia wafanyakazi bila kuwaambia kutamtia matatani. Nikasema naweza kumpa jumla ya matumizi ya kila kompyuta, ya kwake ikiwamo. Aliposikia ya kwake ikiwamo, mada ikaisha.

Umeme nautaja kwa kifupi. Tulianza kazi mgao ukiwa bado unauma, mtambo wa kwanza wa bwawa la Nyerere ndio kwanza unaingia kwenye gridi Februari ile. Ruta, swichi ya mtandao na seva viko kwenye UPS moja, ile betri inayoshika umeme ukikatika. Kompyuta za mezani haziko. Ukikatika, wenye laptopu wanaendelea.

Mtihani ulikuja Mei. Jumapili tarehe 12 nyaya mbili za baharini, SEACOM na EASSy, zilikatika kaskazini ya Durban, na Tanzania ikawa kati ya waliokwama zaidi. Jumatatu asubuhi simu ya mzee ilinikuta kitandani. "Fundi, dunia imekatika, lakini sisi tunafanya kazi."

Nilikwenda kuangalia. Majalada yanafunguka, printa inaskani, ukurasa wa ndani upo. Hilo nililitarajia. Ambalo sikulitarajia ni barua: za Dar kwa Dar zilikuwa zinaingia na kutoka kama kawaida, wakati za Dubai na Guangzhou zikisuasua. Mwenyeji wao ana seva hapa hapa mjini, na mawasiliano ya ndani yanabadilishana kwenye kituo cha TIX bila kugusa bahari. Ningependa kusema nilipanga. Ukweli nilimbakiza kwa sababu anapokea shilingi kwa simu na hatoi ankara ya dola.

Kitu kimoja kimenishinda. Kijana wa bandarini, anayesimama getini na kofia ngumu juani, bado anapiga picha hati na kuzituma WhatsApp. Nilimwekea njia salama ya kuingia kwenye Majalada kutoka kwenye simu. Akaijaribu mara mbili mbele yangu, akahesabu kwa sauti mara anazogusa kioo, sita, dhidi ya mbili za WhatsApp. Nimeiacha. Dada wa mapokezi anazihamisha picha zake kwenye jalada kila saa tano na kila saa tisa, na akichelewa, anayepiga kelele sasa ni mhasibu.